Milioni Sitini na Moja

Nilianza na sita.
Magomeni Mapipa, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
kamera yangu ilikuwa na nukta milioni sita
na hakuna bi harusi aliyelalamika.
Uso ulikuwa uso. Shela ilikuwa weupe tu.
Ikaja kumi na mbili, ikaja ishirini na nne,
kila mara nauza ya zamani kwa hasara
nikiapa hii ndiyo ya mwisho,
kama mlevi na chupa.

Hii nimeichukua kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu.
Fremu kamili. Kihisi chake kikubwa kama stempu ya barua.
Hizza, kijana wangu wa taa, akasoma namba kwenye boksi:
milioni sitini na moja.
"Bosi," akasema, "si Watanzania wote hao?"

Wote, Hizza. Na wakimshukia mtu usoni
wanafanya kazi ya karani wa sensa, mlango kwa mlango:
kinyweleo, chunusi iliyotumbuliwa juzi,
poda iliyogoma kushika pembeni mwa pua,
uzi uliochomoka kwenye kola ya bwana harusi
aliyeapa kwamba suti si ya kukodi.

Tangu hapo kazi yangu ni kufuta.
Nimenunua macho ya tai,
nalipwa kuyapaka ukungu.
"Nilainishe kaka. Hapa mbona naonekana?"
Kompyuta inahema, feni inashindana na jenereta la jirani,
saa nane za usiku nimemaliza picha mia mbili,
na mteja anasema: nirushie tu kwa WhatsApp.
Basi taifa zima
linalala chumba kimoja.

Jumanne akaja Bi Sijaona.
Jina lake ndilo hilo, sikumpa mimi.
Maji yalikuwa yameingia Kigogo tena;
kanga imelowa hadi magotini,
mkononi mfuko wa sukari uliofungwa mafundo mawili,
na ndani ya mfuko, kaka yake.
Picha ya pasipoti, ndogo kuliko kiberiti.
Mwinshehe, aliyepata kazi melini
mwaka sabini na nne, akaandika barua mbili.
"Nasikia una mashine inaona kila kitu.
Nikuzie. Nataka kujua macho yake
yalikuwa ya mama au ya baba.
Nimesahau, mwanangu. Nimesahau kabisa."

Nikailaza mezani, taa mbili ubavuni,
kamera ikainama. Hizza akabana pumzi.
Nikabofya.

Kwenye skrini nikasogea: shavu.
Nikasogea: nyufa, nyuzi za karatasi
kama ukili uliofumuka.
Nikasogea tena, nalitafuta jicho,
na jicho lilikuwa chembe saba za kijivu,
doa limeegemea doa.
Hakukuwa na mama mle. Hakukuwa na baba.

Ila juu ya uso, palepale karatasi ilipolika,
kali kama wembe,
alama ya kidole gumba.
Michirizi yote, mzunguko ndani ya mzunguko,
na kovu dogo lililoikata kwa mshazari.

Nikamtazama mama yule.
Gumba lake lilikuwa linasugua ukingo wa meza.
Lina kovu.
"La kisu cha mihogo," akasema, aliponiona nakodoa,
"zamani hizo, hata yeye alikuwepo."

Nikamgeuzia skrini.
Alisogea karibu, bila miwani, akakaa muda.
Hakusema kitu.
Kisha akauliza bei.

Hizza alishashika kipanya, aifute ile alama,
mazoea ya kazi. Nikamzuia mkono.
Tukachapa hivyo hivyo, futi mbili kwa tatu,
na sikutaja pesa, mke wangu asisikie.

Ile kubwa aliikunja akaitia kwapani.
Ile ndogo hakuirudisha mfukoni.
Alishuka nayo ngazi kiganjani, taratibu,
gumba likaenda lenyewe
mahali pake.