Kata ya Kumi na Moja

Jumanne ni siku ya presha, zahanati ya Uru.
Tangu korona iingie, mabenchi tumeyatoa nje,
yamekaa mbalimbali kama watu waliokosana msibani.
Kibuyu chirizi kiko mlangoni, sabuni imefungwa kamba:
ile ya kwanza iliondoka na mtu.

Mzee Ndelilio akaketi, akakunja mkono wa shati.
Mia na themanini juu, mia na kumi chini.
"Chumvi, mzee?"
"Kidogo."
"Kidogo gani?"
Akanionyesha kiganja. Kiganja kizima.

"Na mbege?"
Akacheka kwa macho tu; mdomo ulikuwa ndani ya barakoa
aliyoshonewa na mkwewe kwa kipande cha kanga.
Maneno yalikatikia shavuni: MGENI NJOO.
Mwenyeji alibaki kwenye mkasi.

"Nesi, kata ni moja. Inazunguka, mkubwa hadi mdogo.
Asiyeipokea ana neno moyoni.
Unataka tunywe kama mashahidi mahakamani?"

Bango la ukutani lilikuwa na jibu,
ila bango halina shemeji.
Nikasema tu: mwezi uliopita, nilipoazimwa hospitali ya mjini,
nilimshika Anasia mkono kwa glavu, usiku kucha.
Hakujua ni mkono wa nani.

Akanyamaza. Kisha, taratibu:
"Na wewe, binti wa Kirita, umekula nini leo?"
Nikahesabu. Chai ya alfajiri. Andazi. Soda mbili.
"Umelala?"
Nikatazama dirishani, masika yakiipiga migomba.
"Basi jipime."
Nikajifunga kipimo. Namba sitaitaja.

Tukapatana kama wauza ng'ombe:
yeye ateremshe chumvi, toka kiganja hadi ukucha,
mimi nibebe ndizi na chupa ya maji.
La kata tukaliacha lilivyo.

Jumanne iliyofuata hakuja.
Na ile nyingine.
Nikapanda kwake na matope hadi magotini,
njia nzima nikiogopa kusikia kengele.

Yuko kibarazani, mzima, msumari mkononi,
anakwangua majina.
Kata ndogo kumi zaning'inia ukutani, kila moja na mwenyewe.
"Undugu ni mbege," akasema, bila kuinua uso. "Si mate."

Ya kumi na moja aliipulizia vumbi,
jina langu limeongezwa H mbele, Haikande,
akaichota maji,
akaiweka juu ya kigoda,
akarudi nyuma hatua mbili
nipite nikaichukue.