Saa Nane za Usiku

Mwalimu Mbarouk katugawia fomu,
karatasi nyepesi, rangi ya maziwa yaliyochacha:
Jina la mwanafunzi. Kazi uliyojitolea.
Idadi ya saa. Sahihi ya msimamizi.
Na chini, pahala pa muhuri wa sheha.

Mie niliandika: Kufagia hospitali, Wete. Saa tatu.
Ni kweli tulifagia.
Mifagio ilikuwa sita, sie thelathini na wanne;
waliobaki walishika ndoo za taka, tupu,
wakakaa sawa kupigwa picha.
Wagonjwa walitutazama kwa dirishani
kama mtu atazamavyo kuku wa jirani.

Huku Limbani maji hayaji mchana.
Huja saa nane za usiku, yakija.
Kwanza bomba hukohoa, hupiga mluzi,
hutema kutu, halafu
kama mtu aliyekumbuka ahadi
hutiririka. Saa moja. Ikizidi sana, na robo.

Kwa hivyo magharibi tunazipeleka ndoo
zikatusimamie foleni, sie tukalale.
Yetu ina mpini wa kamba.
Ya kina Asaa ilikuwa ya rangi, na hadi leo
chai yao ina harufu ya ukuta mpya.
Ya Bi Tatu imezibwa ufa kwa plastiki ya kuyeyusha.
Ya yule mpangaji wa kutoka Mkoani
ni dumu lililokatwa kichwa.
Alfajiri, wanaume wakielekea msikitini,
zote zimejaa.

Miaka hiyo yote sikuuliza.
Nilidhani, sijui, maji yana akili.

Hata usiku ule wa kuamkia mtihani wa hesabati,
nimekesha na milinganyo isiyotaka kulingana,
nikausikia mluzi. Nikachungulia.

Bi Raya Faki.
Huyu huyu asiyekopesha mtu kibiriti,
anayetugombeza tukicheka mbele ya mlango wake.
Kanga kaifunga kiunoni, jina lake limefifia halisomeki.
Mguu mmoja una kandambili, mwengine mtupu.
Anauhamisha mpira, ndoo hadi ndoo,
kidole gumba kimeziba mdomo usimwage,
iliyojaa anaisukuma kwa unyayo, polepole,
kama anayemsogeza mtoto aliyelala.

Ndoo yake ilikuwa ya mwisho.
Maji yakakatika kabla hayajaifikia.
Akalitazama bomba. Akaipindua ndoo,
akaikalia, akalisugua goti.
Kisha akaingia ndani.

Na haya ndiyo yanayonikera:
kabla ya sala akaja kwetu na kopo.
“Mna maji? Nigaieni ya kutawadhia.”
Mama kamjazia, mama yangu mwema,
ambaye hajaamka saa nane hata siku moja,
akamwambia, “Nawe Bi Raya, usingizi gani huo!
Wenzio huamka.”
“Usingizi, mwanangu,” akasema.
“Usingizi tu.”

Nami nilikuwepo, nimesimama na mswaki mdomoni.
Sikusema neno.
Labda kwa haya. Labda kwa kuwa siri ile
haikuwa yangu kuimwaga.

Nimepiga hesabu: saa moja kwa usiku,
toka nilipokuwa darasa la pili.
Hii hesabati naiweza.
Lakini fomu ina mstari wa jina langu tu.

Jana nilitoka. Baridi, mbwa wawili, mbalamwezi.
Hakushangaa, wala hakunishukuru.
“Shika mpira. Usimwage.”
Nikaiiba ndoo yake toka mwisho,
nikaipachika ya tatu, baada ya ya Bi Tatu.
Akaiona. Akairudisha kwa unyayo.
Nikaisogeza tena. Akairudisha tena.
Hatukusemezana. Yangu ilijaa, na ya mpangaji,
na maji yalipokatika
yake ilikuwa nusu.
“Leo mengi,” akasema.

Mwalimu anakusanya fomu Jumatatu.
Penye idadi ya saa nimefuta ile tatu,
karatasi imetoboka kidogo.
Sijaandika kitu bado.
Vidole vinanuka kutu.