Hema la Baba

Baba alilinunua mwaka wa foleni za sukari,
akalisimamisha nyuma ya kabati, limekazwa kamba,
na kila theluji ilipoyeyuka alisema: kiangazi hiki, Kulyash,
kiangazi hiki nakupeleka Charyn.
Viangazi thelathini na vitatu vikapita mlangoni petu
bila hata mmoja kubisha hodi.

Sasa mama ana miaka sabini na mmoja
na magoti yanayobashiri mvua.
Ujana wake aliukata tiketi kwa tiketi
ndani ya tramu za Almaty. Anajua kila kona ya mji,
lakini korongo, mwendo wa saa tatu tu,
alilijua kwa picha ya kalenda, juu ya jiko, mwezi Agosti.

Dauren akaazima Niva ya mkwewe.
Mimi nikapakia chai, jibini kavu ya chumvi,
sufuria lisilo na mfuniko.
Mama akaja na pasi.
"Pasi ya nini, mama?"
"Nyinyi hamjui safari."

Nyika kavu kama mkate wa juzi.
Farasi sita wakavuka lami bila kutazama kushoto wala kulia,
kama wenye hatimiliki.
Kabla ya Shelek injini ikachemka;
mama akavua kitambaa cha kichwa, akaipepea,
akaisema kwa upole, kama abiria mlevi.

Kisha ardhi ikakatika.
Tulikuwa juu ya tambarare, na ghafla tambarare haipo,
na chini, mbali,
minara myekundu imesimama bila aliyeijenga.
Mama alitazama mpaka chai ikapoa kikombeni.
"Kumbe ni kubwa hivi," akasema.
Halafu, kwa ile sauti ya kazini:
"Kituo cha mwisho. Wote wateremke."

Kando ya mto tukafungua kamba.
Harufu ya kafuri. Karatasi ya kiwanda:
limekaguliwa na mkaguzi nambari kumi na nne.
Vigingi kumi na kimoja.
Dauren akapekua, akakung'uta, akailaani serikali iliyokufa zamani.
"Acha," mama akasema. "Cha kumi na mbili
ndicho kinachofunga dirisha la bafu."
Tukanyamaza.
Maisha yetu yote tumekishika kile chuma kila asubuhi,
baridi, kimepinda kidogo,
tukidhani dirisha lilizaliwa nacho.
Kwa hiyo aliwahi kulifungua.
Kwa hiyo fundo lile halikuwa la kiwanda.

Nyundo hatukuwa nayo.
Mama akatoa pasi, akapiga magoti kwa shida,
akavigongomea vigingi kimoja kimoja
na mahali pa kile kimoja akaweka jiwe.

Usiku mvua ilinyesha, magoti yalikuwa yameshasema.
Kesho yake, Altyn-Emel, tulikwenda kusikia mchanga unaoimba.
Toktasyn, mlinzi wa lango la Basshi, akatikisa kichwa:
mchanga uliolowa hauna sauti, rudini Alhamisi.
Alhamisi Dauren ana zamu.
Tukapanda hivyo hivyo, hatua mbili mbele, moja nyuma,
tukatega sikio juu kileleni:
upepo, na pumzi zetu, basi.
"Mwacheni apumzike," mama akasema,
"hata mimi siku za mvua siimbi,"
akakaa kitako, akakunja sketi,
akateleza mpaka chini akipiga kelele
ambazo sijawahi kuzisikia nyumbani kwetu.

Hema lilikataa kurudi mfukoni.
Tulilikunja nne, tukalikunja sita, Dauren akalikalia;
karatasi ya kiwanda haikusema lolote kuhusu hilo.
Tukalifunga juu ya gari kwa kamba ya kuanikia nguo
nalo likapigapiga paa njia nzima,
na mama, pasi mapajani, mchanga masikioni,
akatangaza vituo nyikani:
Kinachofuata, Farasi Sita.
Kinachofuata, Kisima Kikavu.
Kinachofuata, shikilieni vizuri,
Nimesahau Jina.