Mfereji wa Bati

Mwezi wa kumi, Newala. Vumbi jekundu
limelala hata kwenye kope za mbuzi.
Ndoo ya maji imepanda bei tena,
na mimi nimepanda ngazi
kusafisha mfereji wa bati.

Majani ya mkorosho, kiota kikavu,
kandambili moja ya Shaweji iliyopotea mwaka jana.
Bi Nankanga ananicheka toka uani kwake:
"Somoe, umeona wingu gani wewe?"
Sijaona. Mbingu nyeupe kama sahani iliyooshwa ikaanikwa.

Redio haikusema kitu. Ndoto sikuota.
Ila Yule aliyenipa mabati manane
mwaka ule korosho zilipolala ghalani bila mnunuzi,
hakunipa ili yanikaange kwa jua tu.

Usiku nikapiga hesabu: nusu ndoo, watoto watatu.
Nikasema, Mola, hii imenishinda, ichukue Wewe,
mimi shule sikufika mbali.
Nikafunga mlango kwa komeo,
na juu ya komeo, Bismillahi.

Asubuhi mvua haikuja.
Alikuja Bi Nankanga, yuleyule wa kicheko,
ndoo kichwani, kata ya kanga imelowa.
"Pokea," akasema, "na usiniulize."
Sikumuuliza. Nilijua katumwa,
ingawa mwenyewe hana habari.

Tukapika uji. Kitinda mimba wangu akataka kujua
mbona ngazi bado imeegemea ukuta.
Iache hapo, nikamwambia,
upande wa pili sijamaliza.