Kilo Tatu za Shaba

Kalunde alikuja kibandani kwangu, Ng'ambo, hapa Tabora,
saa tano, jua limeshaanza kuuma,
akaulizia kibodi za kompyuta. Si nzima. Zilizokufa.
Nikamwambia zilizokufa ndizo nilizo nazo,
aingie, achague maiti wake.

Alichomoa vitufe kimoja kimoja kwa kijiko cha chai.
Siku nne. Herufi zetu, na nyingine
zilizojikunja kama funza juani.
"Hiki cha wapi?" nikauliza.
"Cha kwao," akasema. "Kimekuja kufia kwako."

Sikuyapenda maneno hayo.
Mimi sileti uchafu, mimi naumalizia.
Vitu hushuka na treni, vimeshachoka huko vilikotoka,
vinakaa mwaka, miwili, kisha vinanifuata,
nami nachoma nyaya nyuma ya kibanda
mpaka plastiki ilie, idondoke, ibaki shaba
nyekundu kama ufizi.
Shaba ina bei. Kikohozi hakina.

Kaka yake hurina asali porini Sikonge.
"Moshi wake," alisema, "huwaambia nyuki: tulieni.
Wako unawaambia nini?"
Nikajidai natafuta koleo.

Jumamosi usiku, ukuta wa ghala kuukuu jirani na stesheni.
Projekta ya kuazima parokiani,
kompyuta ya mapajani iliyobaki bawaba moja.
Watu walikuja na stuli zao wakidhani ni mpira.
Badala ya mpira, nyuki.
Kawachora mwenyewe, na bawa la kila nyuki
ni kioo cha simu kilichopasuka.
Vingine nilivitambua, vya mezani kwangu:
ule ufa wa simu ya Mwalimu Mihayo
wenye vijito kama Malagarasi.
Wakaruka ukutani elfu kwa elfu, bila mzinga.

Naye akatoka gizani
na vazi la kurinia lililoshonwa vitufe vitupu
toka utosini hadi vifundoni,
kila hatua ikichapa neno lisilosomeka:
cha, cha, chaka, cha.
Mkononi bomba la moshi. Halina moto.
Akapuliza. Hakuna kitu. Akapuliza.
Kila pumzi, ukutani nyuki mia chini.
Watoto walicheka mwanzoni.
Mama Shigela akauliza kwa sauti, "Sasa huyu anauza nini?"
Hakuna aliyemjibu.

Walipobaki nyuki kama thelathini, umeme ukakatika.
Miluzi. Zogo. Mmoja akadai arudishiwe
kiingilio ambacho hakutoa.
Lakini gizani vitufe vikaendelea, cha, chaka,
na lile bomba, fuu, fuu,
nami nikakohoa.
Nikajizuia. Nikakohoa tena,
kikohozi changu chenye ladha ya waya,
na vitufe vikasimama
kama mtu aliyeitwa jina.

Mpaka leo hajaniambia kama alikusudia.

Jumatatu mnunuzi alisimamisha pikipiki, mizani begani:
"Kilo tatu, fundi. Jioni napita."
Kwa moto ni nusu saa.
Nikachukua kisu. Nikaanza kumenya waya
kama muwa, mmoja, mmoja.
Hadi alasiri kidole gumba kimechanika
na nina robo kilo.
Akapima, akacheka, akalipa ya robo.

Kesho sijui. Ada ya mtoto haiwajui nyuki.
Kiberiti kiko palepale, juu ya redio.

Chini ya stuli niliokota kitufe kilichomponyoka,
chenye herufi isiyo yetu.
Nimekibandika kwa gundi mlangoni.
Wateja wanauliza kinasomekaje.
Nawaambia: bonyeza.