Goti

Maikrofoni haina adabu.
Ninyi sebuleni mnasikia wimbo;
yenyewe inasikia mbao zikinung'unika,
springi ikiguna chini ya mguu wa kulia
kila Bi Mwanashee anapoachia pedali:
nye. Kimya. Nye.

Nimezima friji. Nimezima panka.
Nimemwomba jirani, mama Kadzo,
aahirishe kukuna nazi hadi saa kumi.
Nye.

Ikabidi nimwite Karisa wa Maweni,
fundi wa vyerehani,
ambaye piano hajawahi kuigusa
ila anajua chuma kikilia kinalilia nini.
Akaifungua kifua, akawasha tochi,
akatega sikio kama mkunga.

"Chumvi," akasema. Hewa ya Malindi
imeila springi, imeikausha ngozi,
na nondo wamemaliza sufu chini ya meno;
ndiyo maana lile la tatu kutoka mwisho
linagonga mti kabla ya kugonga wimbo.

Nikamletea mafuta ya nazi. Akausukuma mkono wangu.
"Mafuta huita vumbi, na vumbi lina ndugu wengi."
Akataka mshumaa, poda ya mtoto,
na kitu cha sufu kisicho na kazi.
Bi Mwanashee akatoa koti
alilonunua marehemu mumewe kwa baridi ya Limuru,
halijavaliwa tangu...
Hakumaliza. Mkasi ulimmalizia.

Visahani kumi na saba vya koti
vikalazwa chini ya meno.
Skrubu nne zikakazwa.
Nyuma ya nyuzi nene ikatoka senti kumi,
ile ya zamani yenye tundu katikati,
miaka yote ikitetemeka kwenye noti nzito
nasi tukidhani ni huzuni ya piano.
"Mshahara wangu huo," Karisa akacheka.

Saa nane usiku tukarekodi.
Bangili mezani, viatu mlangoni,
saa ya ukutani tumeitoa betri.
Akacheza. Nyundo zikatembea kipaka.
Nikaisikia noti ikififia hadi mwisho wake,
nami sikujua kama ina mwisho wa mbali vile.

Halafu: ta.
Palepale, mguu unapoinuka.
Karisa akaruka na bisibisi.
Nikasimamisha mashine.

Bi Mwanashee hakugeuka.
"Kaa, mwanangu. Hilo ni goti langu.
Lilianza mwaka ule koti lilipotundikwa."

Tukarudia mara mbili.
Sikulikata.