Kumi na Moja, Mwanya, Saba

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Aliyesema hivyo hakumwona Bwana Nagamine
akipanda ngazi zetu za Nipponbashi, mjini Osaka,
mvua ya Juni ikichuruzika kofiani,
binti yake Hatsue nyuma, mwavuli kwapani.

"Nataka kadi," akasema, "ya printa ya nukta nundu.
Printa ina miaka ishirini na sita.
Kompyuta ina wiki moja.
Hawajuani."

Nikamjibu kwa ulimi wangu wa dukani:
ipo kebo ya kugeuza, mzee,
chomeka ubavuni, kazi kwisha.

"Tumeijaribu. Inameza nukta.
Jina la marehemu mke wangu lilitoka kama namba ya simu."

Basi nikazimwaga kadi juu ya kaunta,
nikaanza kumsomea maboksi, kasi hii, chipu ile.
Akainua kiganja: nyamaza kidogo.

Vidole vikashuka.
Ya kwanza, meno mapana, akaisukuma kando:
"Hii ni ya bibi yake kompyuta yetu."
Ya pili, milango minne ya USB inayong'aa:
"Mimi nina mgeni mmoja tu."
Ya tatu hakuisemea neno.
Kidole cha shahada kikatambaa ukingoni, penye dhahabu,
midomo ikihesabu:
kumi na moja,
mwanya,
saba.
Akaigeuza. Mlangoni, kumi na tatu juu, kumi na mbili chini,
matundu ishirini na tano, hakuna lililoziba.

Kisha akachomoa mfukoni uzi wenye fundo,
kimo cha nafasi iliyomo katika kompyuta yao nyembamba,
akaulaza kwenye bati la kadi.
Bati likalipita fundo.

Mimi, mwenye macho mawili na miwani juu yake,
nikasema: pole mzee, haiingii.
Yeye akalichukua boksi, akalitikisa sikioni.
Ndani kitu kikalia, kidogo, cha chuma.
Bati fupi, kwenye kifuko, na skrubu zake mbili.
Miaka minne naliuza boksi lile
wala sikujua kuwa lina mtoto.

Yeni elfu mbili na mia nane.
Akanipa noti tatu za elfu.
Sarafu za mia zilikuwa zimeniishia; nikamhesabia za hamsini,
zile zenye tundu katikati,
macho yangu bado yako kwenye boksi.

Jumanne iliyofuata ikaja bahasha.
Karatasi nene, nyeupe, haina wino, imejaa vipele,
na chini yake, kwa penseli, mwandiko wa Hatsue:

"Baba anasema: imeingia.
Printa imepiga kelele usiku kucha, jirani kagonga ukuta.
Chenji ulizidisha sarafu nne, zimo humu.
Siku nyingine, kijana, hesabu kwa vidole."